Saundikadi ya USB haitoi sauti kwenye Linux? Ifuate sauti kuanzia kwenye kebo

Habari zenu wakuu. Hii ni kwa ajili ya yule ambae ana saundikadi ya USB, hizi za Behringer UMC22, Focusrite Scarlett au yoyote ile ya kuchomekea maiki na gitaa, anatumia Linux, anafungua Ardour arekodi alafu hapati kitu, au anapata mikwaruzo, au programu inamwambia imeshindwa kufungua kifaa. Watu wengi wakifika hapo wanaanza kufuta na kuweka upya, mara Ardour, mara distro nzima, siku tatu zinaisha na maiki bado kimya. Mi naomba ufanye tofauti, programu iache kwanza. Anza chini kabisa kwenye kebo alafu panda na sauti yako: kebo, keneli (kiini cha Linux chenyewe), ALSA, PipeWire (inayogawa sauti kwa programu zote), ndo Ardour. Kila sehemu ina amri ya kukuonyesha kama sauti imefika hapo au imekwama, na ukishajua imekwama wapi kazi iliyobaki ni ndogo sana.

Nianze na hili maana linasumbua watu bure: hamna draiva ya kudownlodi. Saundikadi karibu zote za USB za siku hizi zinafuata utaratibu mmoja wa sauti wa USB, na draiva yake inaitwa snd-usb-audio, tayari iko ndani ya keneli. Yale mafaili ya exe kwenye tovuti ya kampuni ni ya Windows, hayakuhusu.

Haya, kebo. Chomeka saundikadi moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye habu. Poti ya USB 2.0 inatoa mwisho miliampea 500, na saundikadi inayokula umeme humo humo kwenye USB inataka sehemu kubwa ya hizo hasa ukishawasha 48V ya maiki ya kondensa, sasa ikigawana na mausi na flashi na modemu kwenye habu isiyo na umeme wake, taa itawaka vizuri kabisa lakini kifaa kinakatika katikati ya wimbo. Usiiamini taa, taa inataka umeme tu basi. Na kuna kebo za kuchajia tu, ndani hazina nyaya za data, hizo nazo zinawasha taa na kompyuta haioni chochote. Mimi ilinila jioni nzima ya kurekodi kwaya ya mtaani kwetu, watu wametoka makazini wamekaa wananisubiri, nabadilisha mipangilio huku na kule, kumbe mchawi ni kebo. Tangu siku ile kebo ya saundikadi nimeifunga utepe mwekundu na haichaji simu ya mtu.

Kuhakikisha, fungua terminali na uandike hii kabla hujachomeka:

sudo dmesg -w

Sasa chomeka. Unatakiwa uone mistari inatokea papo hapo, mmoja unasema new full-speed USB device au new high-speed USB device, na chini yake jina la kifaa. Kama hautokei hata mstari mmoja, shida ni kebo au poti, usipande juu mpaka hapo pakae sawa. Ukiona error -71 inajirudia rudia, data zinafika zimeharibika njiani, kebo mbovu au soketi imelegea. Liache dirisha hilo wazi, tikisa kebo taratibu pale inapoingilia kwenye saundikadi, ikitokea USB disconnect bila we kuchomoa, umempata mwizi wako.

Baada ya hapo andika lsusb. Hapa kuna mtego kwa wenye UMC22: hutaona jina la Behringer. Ndani yake kuna chipu ya Texas Instruments kwa hiyo utaona 08bb:2902 na maneno PCM2902 Audio Codec, na watu wanadhani haijaonekana. Imeonekana, ndo hiyo. Scarlett zinaanza na namba 1235. Na kama Scarlett yako ni ya kizazi cha tatu na ni mpya, ukiichomeka mara ya kwanza inajitokeza pia kama flashi yenye faili la kukupeleka kujisajili, na ikiwa kwenye hali hiyo haifanyi kazi zake zote. Shikilia kitufe cha 48V kwa sekunde 5, alafu chomoa na uchomeke tena, ile flashi inapotea. Wenye Scarlett wekeni na programu ya alsa-scarlett-gui, inawapa vitufe vilevile ambavyo watu wa Windows wanavipata, na kwa Scarlett za kizazi cha pili na cha tatu, keneli kuanzia 6.7 inaikubali bila kuongeza chochote pembeni.

Sasa tupande kwenye ALSA, hii ndo sehemu ya keneli inayoshika sauti.

cat /proc/asound/cards

Itakuletea kitu kama hiki:

0 [PCH ]: HDA-Intel - HDA Intel PCH
1 [CODEC ]: USB-Audio - USB Audio CODEC

Angalia lile jina kwenye mabano ya mraba, kwa UMC22 ni CODEC, kwa nyingine litakuwa jingine. Tumia hilo jina kila mahali, namba achana nayo, maana namba zinabadilika: leo umewasha kompyuta saundikadi ni 1, kesho umechomeka kamera ya USB, inakuwa 2, na kila kitu ulichoandika hw:1 kinaelekea kwa mtu mwingine.

Afu fanya jaribio hili, na kwangu mimi hili ndo la maana kuliko yote humu ndani, kwa sababu linaruka PipeWire na Ardour na linaongea na kifaa moja kwa moja:

arecord -D hw:CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 10 -V stereo jaribio.wav

Ongea kwenye maiki kwa sekunde 10, ile -V inakuonyesha mita ikipanda na kushuka hapo hapo kwenye terminali. Ukimaliza, sikiliza kwa aplay -D hw:CODEC jaribio.wav. Kama sauti yako ipo, basi kebo nzima, draiva nzima, saundikadi nzima, na shida yako yote iko juu kwenye programu. Kama haipo, hata uweke Ardour mara kumi haitasaidia.

Amri hiyo ikikataa soma inachosema, inasema ukweli. Sample format non available maana yake umeomba mtindo ambao kifaa hakina, na chini yake inakuorodheshea ilivyonavyo. UMC22 ni biti 16 na mwisho 48000, kwa hiyo S16_LE inakaa sawa, lakini UMC202HD na Scarlett zinataka S32_LE. Unaweza kuangalia kila kitu ambacho kifaa kinakubali kwa cat /proc/asound/CODEC/stream0, utaona mtindo, idadi ya chaneli na sampo reti (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, kama hiyo 48000). Na kama imesema Device or resource busy, ruka mpaka kwenye sehemu ya ugomvi hapo chini.

Kama inarekodi lakini ni ukimya mtupu, tazama vitu vya mkononi kwanza. Maiki ya kondensa bila 48V haitoi sauti, ya dainamiki kama Shure SM58 haihitaji. Wale wa maiki za BM-800, ile kebo iliyokuja kwenye boksi, upande mmoja XLR na mwingine pini ndogo ya simu, haipitishi 48V, nunua XLR kwa XLR. Kitufe cha geini kikiwa chini kabisa nacho ni ukimya. Alafu fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague saundikadi yako, F4 uone upande wa kurekodi, palipoandikwa MM pamefungwa, bonyeza M pafunguke. Saundikadi nyingine humo ndani hazina kitu kabisa, wala usishtuke, kazi yote ni vitufe vya mkononi.

Sasa ugomvi. Hapa ndo penye kesi nyingi, na panataka kueleweka vizuri kidogo.

Kifaa cha ALSA kikishafunguliwa moja kwa moja kinashikwa na programu moja tu. Kama brauza inapiga video kupitia saundikadi hiyo, PipeWire ndo imeishika, na Ardour ikija kuitaka inaambiwa ina mtu. Kujua nani kaishika:

fuser -v /dev/snd/*

Utaona pipewire na wireplumber kwenye controlC0, controlC1, hizo ziache, kila kompyuta zipo, zinaangalia tu. Unachotafuta ni pcmC1D0c au pcmC1D0p, namba baada ya C ni ya kadi, c ya mwisho ni kurekodi na p ni kupiga. Anaekaa hapo ndo mwenye kifaa kwa sasa. Mara nyingi ni tabo ya brauza, programu ya mikutano ya video, au Audacity uliyoisahau nyuma. Ifunge, subiri kama sekunde 5, PipeWire ikiona hamna anaetumia inakiachia kifaa yenyewe. Ukitaka kumaliza kabisa, kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta elekeza sauti za kawaida kwenye spika za laptop, saundikadi ibaki ya kazi.

Hapa niseme kitu kuhusu maelekezo ya zamani. Paul Davis alieanzisha Ardour ndie huyo huyo alieanzisha JACK, mfumo wa kuunganisha sauti za programu za kurekodi, kwa hiyo miaka mingi kila mwongozo wa kurekodi kwenye Linux ulikuwa unaanza na qjackctl, programu ya kuiwashia JACK, na mingi ilikuwa inakwambia uiue kwanza PulseAudio, iliyokuwa inashika sauti za kawaida za kompyuta. Ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Alafu ikaja PipeWire ya Wim Taymans, Fedora 34 wakaifanya ndo ya sauti mwaka 2021, Ubuntu wakafata na 22.10 mwaka 2022, na hii inafanya kazi ya PulseAudio na ya JACK kwa pamoja. Ukichukua ushauri wa 2014 ukaanza kufuta vifurushi kwenye distro ya leo, utaondoa sauti ya kompyuta nzima na pengine na desktopu yenyewe inaondoka nayo. Angalia kwanza unacho kipi, andika wpctl status, ikijibu una PipeWire.

Kwa mwenye PipeWire njia ziko mbili, chagua moja uishike. Ya kwanza, kwenye Ardour, dirisha la Audio/MIDI Setup, pale Audio System chagua ALSA, alafu kwenye kifaa chagua saundikadi yako upande wa kuingiza na wa kutoa. Ardour itaishika peke yake, brauza haitasikika kwenye saundikadi hiyo mpaka ufunge. Kwa kurekodi mimi natumia hii, ina vitu vichache vya kuharibika. Ya pili, chagua JACK, na Ardour itaongea na PipeWire, unaweza kurekodi huku unasikiliza biti ya mtu kutoka kwenye brauza. Kwenye Debian na Ubuntu weka kifurushi cha pipewire-jack alafu uifungue hivi:

pw-jack ardour

Ukienda njia hiyo ya pili, fungua pavucontrol, tabo ya Configuration, na saundikadi yako uiweke kwenye Pro Audio. Isipokuwa hivyo, PipeWire inaichukulia kama spika za kawaida za stereo, na mwenye saundikadi ya chaneli 4 au 8 atashangaa anaona mbili tu.

Umefika kwenye Ardour, sauti inaingia, lakini kuna mikwaruzo, inakatika katika kama redio yenye mawimbi mabaya. Hizo zinaitwa xrun, maana yake kompyuta haikuwahi kuchota sauti kwa wakati. Kwenye Ardour zinahesabiwa pale juu, kwenye PipeWire andika pw-top uangalie safu ya ERR inavyopanda. Dawa ya kwanza ni bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inachota kwa mara moja. Hesabu yake ni nyepesi, bafa ya 256 kwa sampo reti ya 48000 ni milisekunde 5.3, ukiweka Periods 3, yaani vipande vitatu, inakuwa kama 16. Kwa USB weka Periods 3, sio 2, zinatulia zaidi. Watu wanang'ang'ania bafa ya 64 kwa sababu wamesikia latensi (sauti kuchelewa) ndogo ndo ufundi, lakini kama saundikadi yako ina kitufe cha Direct Monitor, na UMC22 inacho, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye saundikadi bila kupitia kompyuta, latensi haimgusi kabisa. Kwa hiyo washa Direct Monitor, weka bafa 512 au hata 1024, rekodi kwa amani. Bafa ndogo ina maana tu kama unapiga kinanda cha programu au gitaa linapitia plagini na unataka ujisikie hapo hapo.

Kwenye njia ya PipeWire bafa unaibana hivi, na ukiweka 0 mwishoni inarudi ilivyokuwa:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 512

Bafa kubwa na bado kunakwaruza? Angalia kama umeruhusiwa kutangulizwa na keneli. Andika ulimit -r, ikitoa 0 hujaruhusiwa. Tengeneza faili /etc/security/limits.d/audio.conf lenye mistari hii miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Alafu sudo usermod -aG audio $USER, toka kwenye akaunti yako kabisa uingie tena, sio kufunga terminali tu, hapo ulimit -r itasema 95. Wenye Arch wana kifurushi cha realtime-privileges kinachofanya hayo, na kundi lake ni realtime.

Kitu kingine ni laptop kubana matumizi ya umeme. Prosesa inasinzia, ikiamka imechelewa. Kabla ya kurekodi andika powerprofilesctl set performance kama distro yako inayo, au sudo cpupower frequency-set -g performance. Na kama uliwahi kutumia powertop na ile auto-tune yake, inaruhusu vifaa vya USB vizimwe vikikaa kimya, saundikadi ikiwemo, kwa hiyo unakuta kila ukipumzika dakika mbili ukirudi haipo. Zima WiFi pia wakati wa kurekodi, kuna laptop ambazo hiyo peke yake inamaliza tatizo.

Sauti inatoka lakini wimbo wa zamani umekuwa mwembamba na unakimbia? Hiyo ni sampo reti. Ulirekodi kwa 44100, leo umefungua kwa 48000, sauti inapanda karibu nusu toni moja na nusu. Ardour inatoa onyo ukifungua, watu wanabofya tu linapita. Rudi Audio/MIDI Setup uweke ile ya kwanza. Chagua moja mwanzo wa kazi usiibadilishe.

Sauti inasikika sikio la kushoto tu, hii naulizwa sana. Saundikadi haijafa nusu. Tundu la kwanza ni chaneli ya kushoto na la pili ni ya kulia, ukirekodi maiki moja kwenye traki ya stereo unapata upande mmoja. Tengeneza traki ya mono, iunganishe na ingizo la kwanza, basi, itakaa katikati. Na kama mwimbaji anajisikia mara mbili, kama yuko kisimani, ni kwamba Direct Monitor imewaka na Ardour nayo inamrudishia sauti. Nenda kwenye Preferences, palipoandikwa Record monitoring handled by, weka audio hardware.

Mvumo mzito wa chini chini ambao hauishi, kabla ya kulaumu maiki chomoa chaja ya laptop, urekodi kwa betri. Ukiisha, ni umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz na mvumo wake uko hapo hapo na kwenye 100, na mara nyingi sababu ni ile adapta ya pini mbili inayoacha ethi nje, au spika na laptop ziko kwenye soketi mbili za mbali. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, ukutani nako iwepo, fundi aipime. Usikate pini ya ethi kumaliza mvumo, hata kama umeona mtu kafanya, hiyo pini ipo kwa ajili ya kukuokoa we na mwimbaji anaeshika maiki ya chuma.

Ukikwama kabisa na unataka kuuliza watu, usiandike tu "haifanyi kazi", weka majibu ya uname -r, lsusb, cat /proc/asound/cards na wpctl status, na ile arecord ilisema nini neno kwa neno. Mtu anaejua akiona hizo tano anaweza kukujibu bila kukuuliza swali hata moja.